Spika ya Wi-Fi kwa ESP32-S3: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa anayeanzia Mombasa

Maswali ya wanaoanza ni yaleyale. Bodi haionekani kwenye kompyuta. Inajizima kila sauti ikipandishwa. Ilicheza vizuri nyumbani Kisauni, ikapelekwa dukani Mji wa Kale ikanyamaza. Mwongozo huu unayajibu kwa kutengeneza kitu kimoja mwanzo hadi mwisho: spika ndogo inayovuta sauti mtandaoni kwa Wi-Fi na kuicheza yenyewe, bila simu wala kompyuta kukaa pembeni yake. Ukiiweza hiyo, kengele ya madrasa, spika ya matangazo ya duka na redio ya barazani zinatofautiana nayo kwa programu tu. Vyuma ni vilevile.

Shika neno moja kabla ya kuanza: jenga tabaka moja, lithibitishe, ndipo uende la pili. Kwanza USB, halafu umeme, halafu sauti, mtandao mwisho. Anayeunganisha vyote kwa mara moja kisha akawasha, kikigoma hana pa kushika. Ataanza kupekua programu usiku kucha, na kosa liko kwenye waya.

Kwa nini chipu hii

Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo za chipu moja, zenye mtandao, USB na njia ya sauti ndani ya chipu moja ni chache kuliko zinavyotangazwa. ESP32 ya kwanza ina Wi-Fi na Bluetooth lakini haina USB. Bodi zake huwekewa chipu ya pili ya kutafsiri. ESP32-C3 ina USB, ila ni ya kupakia programu na kusoma ujumbe tu, huwezi kuigeuza kadi ya sauti. Kwenye Raspberry Pi Pico W, Wi-Fi imo katika chipu nyingine pembeni ya ile kuu, RP2040. STM32F407 ina Ethaneti, USB na I2S, na ni chipu imara, lakini haina Wi-Fi na Ethaneti yake hudai chipu ya nje ya kushika waya wa mtandao.

ESP32-S3 ina viini viwili vya hadi 240 MHz, Wi-Fi ya 2.4 GHz, USB ya 12 Mbit/s, na njia mbili za I2S, yaani nyaya tatu zinazobeba sauti ikiwa bado namba. Mambo mawili haina, na ndiyo huwaponza watu. Haina DAC, kwa hiyo huwezi kutoa sauti moja kwa moja kwenye pini; lazima kiwepo kifaa cha kugeuza namba kuwa sauti. Na Bluetooth yake ni ya aina ya LE pekee, haipokei muziki wa simu kama spika za Bluetooth za madukani. Ukitaka hilo, nunua ESP32 ya kwanza.

Vitu vya kuwa navyo

- Bodi ya ESP32-S3 ambayo moduli yake imeandikwa N16R8. N16 ni flashi, yaani hifadhi ya programu, ya MB 16, R8 ni kumbukumbu ya ziada, PSRAM, ya MB 8. Iliyoandikwa N8 peke yake haina PSRAM, na maktaba ya sauti tutakayoitumia haifanyi kazi bila hiyo.
- Amplifaya ya I2S aina ya MAX98357A. Agiza mbili, ni rahisi kuiunguza.
- Spika moja ya ohm 4, wati 3 au zaidi. Ya ohm 8 pia inafaa, ila sauti yake ni ndogo zaidi.
- Adapta ya volti 5, ampea 2.
- Kebo ya USB yenye nyaya za data.
- Kapasita ya 470 µF ya volti 10 au 16, na nyingine ya seramiki ya 100 nF.
- Bredibodi na nyaya fupi za majaribio, verobodi ya kazi ya mwisho.
- Pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, risasi, na multimita.
- Pombe ya isopropili, brashi ya meno, na vanishi ya bodi za umeme.
- Boksi la plastiki. La mabati halifai, na sababu iko hatua ya 9.

Tazama pia herufi za mwisho kwenye jina la moduli. WROOM-1 ina antena yake, ile mistari ya zigizaga pembeni. WROOM-1U haina, ina kitundu kidogo cha dhahabu cha kuchomeka antena ya nje. Ukiinunua 1U bila antena, Wi-Fi itaonekana imekufa hata ukiwa umekaa karibu na ruta.

Hatua

1. Lehemu pini na upime shoti. Bodi nyingi huja na pini zake zikiwa hazijashikwa. Kuzichomeka bila risasi na kutumaini zitagusana ni chanzo cha makosa yanayokuja na kuondoka. Ukimaliza, weka mita kwenye mlio na uguse 3V3 na GND, kisha 5V na GND. Ikilia mfululizo, kuna daraja la risasi mahali. Liondoe kabla ya umeme wowote kupita.

2. Ifanye kompyuta iione bodi. Bodi nyingi za S3 zina matundu mawili ya USB. Moja limeandikwa UART au COM, na hupitia chipu ya kutafsiri ambayo huenda ikahitaji draiva. Jingine limeandikwa USB, nalo limeungwa moja kwa moja na chipu kupitia pini 19 na 20. Anza na la UART, kwa sababu linaendelea kuonekana hata programu yako ikianguka. La pili hupotea kwenye orodha chipu ikikwama, na mgeni hudhani bodi imekufa.

Kebo ndiyo hukwamisha wengi hapa. Nyingi zinazokuja na chaja za bei ndogo zina nyaya mbili tu za umeme, taa ya bodi itawaka lakini kompyuta haitaona kitu. Ijaribu kwa kuhamisha picha kutoka simu kwenda kompyuta. Isipohamisha, itenge na uiandike "chaji tu", isije ikakuhangaisha tena.

3. Panga Arduino IDE. Kwenye Boards Manager tafuta esp32 ya Espressif Systems, watengenezaji wa chipu hii, na usakinishe toleo la 3 au la baadaye. Kisha chini ya Tools weka hivi:

- Board: ESP32S3 Dev Module
- Flash Size: 16MB
- Partition Scheme: 16M Flash, ile yenye 3MB APP
- PSRAM: OPI PSRAM
- USB CDC On Boot: Disabled ukitumia tundu la UART, Enabled ukitumia la USB

Mstari wa PSRAM usiuruke. Moduli za R8 hutumia OPI. Ukichagua QSPI, chipu haitaiona kumbukumbu hiyo. Na mstari wa mwisho ndio hujibu swali la "programu imepakiwa lakini siandikiwi chochote kwenye Serial Monitor": ujumbe unatoka kwenye tundu lile usilolisikiliza.

4. Thibitisha PSRAM. Pakia programu ya mistari michache yenye `Serial.begin(115200);` na `Serial.println(ESP.getPsramSize());`. Unataka namba ya zaidi ya milioni nane. Ukipata 0, rudi hatua ya 3. Usisonge mbele na sifuri ukitumaini itajirekebisha.

Upakiaji ukikataa, shika kitufe cha BOOT, bonyeza RESET na uachie, kisha uachie BOOT. Hapo chipu inaingia kwenye hali ya kupokea programu.

5. Tengeneza njia ya umeme. Hapa usikimbilie. Wi-Fi inapotuma, chipu huvuta mikupuo ya zaidi ya mA 300 kwa muda mfupi sana, na Espressif wanataka chanzo cha volti 3.3 kiweze kutoa angalau mA 500. Amplifaya nayo, ikiendesha spika ya ohm 4 kwa volti 5, inaweza kuvuta zaidi ya ampea moja kwenye kilele cha sauti. Tundu la USB la kompyuta huhesabiwa mA 500. Hesabu haikubali, ndiyo maana kifaa hujizima mara tu besi inapopiga.

Umeme wa adapta ugawe kwa nyaya mbili tangu mwanzo: mmoja uende pini ya 5V ya bodi, mwingine uende VIN ya amplifaya. Usiupitishe ndani ya bodi kwenda amplifaya. Njia za shaba za bodi ni nyembamba. GND nazo zifanye vivyo hivyo, zikutane pale adapta inapoingilia. Kapasita ya 470 µF iweke karibu kabisa na VIN na GND za amplifaya, na ile ya 100 nF ubavuni mwake. Upande wenye mstari ni hasi. Ukigeuza, kapasita huvimba na kupasuka, kwa hiyo angalia mara mbili.

Onyo: usiweke adapta kwenye pini ya 5V huku kebo ya USB iko kwenye kompyuta. Bodi nyingine hazina kizuizi, na umeme hurudi kinyume ndani ya kompyuta. Wakati wa kupakia programu, chomoa adapta na uache sauti iwe ya chini. Kuna pia bodi ambazo pini yao ya 5V haitoi umeme wa USB mpaka uunge vidoa viwili vilivyo nyuma, vyenye alama IN-OUT. Pima kwa mita, usikisie.

6. Unga amplifaya. Umeme ukiwa umezimwa:

- BCLK kwenda pini 5
- LRC kwenda pini 6
- DIN kwenda pini 7
- GND kwenda GND, VIN kwenda volti 5
- GAIN na SD ziache tupu

GAIN ikiwa tupu, nguvu ni 9 dB. Ukiiunga na GND inapanda hadi 12 dB. Ukiiunga na VIN inashuka hadi 6 dB, na kwa chumba kidogo hiyo mara nyingi ndiyo safi zaidi. SD ikiwa tupu kwenye bodi za kawaida, amplifaya huchanganya kushoto na kulia. SD ikiguswa na GND, amplifaya inazimika kabisa bila kukuambia.

Nyaya za I2S zisipite sentimita 10. Kwa sauti ya 44,100 Hz ya biti 16, waya wa BCLK hupiga mara 1,411,200 kwa sekunde. Waya wa nusu mita unaozunguka meza hugeuka antena, nawe unasikia mikwaruzo.

Usitumie pini yoyote iliyo wazi tu. Pini 0, 3, 45 na 46 huamua chipu itakavyoamka. 19 na 20 ni za USB. 26 mpaka 32 ni za flashi. 35, 36 na 37 zimeshikwa na PSRAM kwenye moduli za R8, hata kama bodi imezitoa pembeni zikakutazama kama nyingine zote. Ukiweka kitufe kwenye 36, utapata kifaa kinachoanguka bila mpangilio.

Nyaya mbili za spika zote zina umeme. Hakuna hata mmoja ambao ni GND. Ukiuunga mmoja na GND, au ukaupeleka kwenye amplifaya kubwa ya ukumbi au ya msikiti, unaunguza MAX98357A. Kama lengo lako ni kulisha amplifaya kubwa, tumia bodi ya PCM5102A badala yake. Hiyo hutoa sauti ya kulisha amplifaya nyingine (line out) kwa kiwango cha volti 2.1. Nyaya tatu ni zilezile, ila hakikisha SCK yake imeungwa na GND kwa tone la risasi. SCK ikielea hewani, bodi hiyo hutoa kelele au kimya.

7. Sikiliza mlio kabla ya mtandao. Fungua mfano wa Simple_tone ulio chini ya ESP_I2S kwenye mifano ya Arduino. Badilisha namba za pini ziwe 5, 6 na 7 kwa mpangilio huo, kisha pakia. Utasikia mlio mmoja usiobadilika wa 440 Hz. Ukiusikia safi, sehemu nzima ya sauti imepita mtihani: umeme, nyaya, amplifaya na spika. Kitu kikigoma baada ya hapa, unajua ni mtandao au programu. Dakika tano za mlio huu huokoa jioni nzima.

8. Pakia programu yenyewe. Pakua maktaba ya ESP32-audioI2S kama faili la ZIP na uiongeze kupitia Sketch, Include Library, Add .ZIP Library. Kisha:

```
#include <WiFi.h>
#include "Audio.h"

const char* mtandao = "JINA_LA_WIFI";
const char* siri    = "NENO_LA_SIRI";
const char* kituo   = "http://ANWANI_YA_MTIRIRIKO";

Audio sauti;
unsigned long jaribio = 0;

void unganisha() {
  while (WiFi.status() != WL_CONNECTED) {
    WiFi.disconnect();
    WiFi.begin(mtandao, siri);
    for (int i = 0; i < 40 && WiFi.status() != WL_CONNECTED; i++)
      delay(500); // subiri hadi sekunde 20, kisha rudia
  }
  Serial.printf("Nguvu ya Wi-Fi: %d\n", WiFi.RSSI());
}

void setup() {
  Serial.begin(115200);
  WiFi.mode(WIFI_STA);
  WiFi.setSleep(false); // Wi-Fi isisinzie, sauti itakatika
  unganisha();
  sauti.setPinout(5, 6, 7); // BCLK, LRC, DIN
  sauti.setVolume(8); // 0 mpaka 21
  sauti.connecttohost(kituo);
}

void loop() {
  sauti.loop();
  if (WiFi.status() != WL_CONNECTED) {
    sauti.stopSong();
    unganisha();
    sauti.connecttohost(kituo);
  } else if (!sauti.isRunning() && millis() - jaribio > 10000) {
    jaribio = millis();
    sauti.connecttohost(kituo);
  }
  vTaskDelay(1);
}
```

Kile kitanzi cha `unganisha` kimewekwa kwa makusudi, usikifupishe. Mifano mingi ya mtandaoni hujaribu Wi-Fi kwa sekunde kumi kisha hukata tamaa. Stima ikipotea na kurudi, chipu huamka papo hapo, ilhali ruta bado inajivuta kwa dakika nzima au zaidi. Programu iliyokata tamaa itakaa kimya mpaka mtu aje kuchomoa na kuchomeka, na kifaa kilichofungwa juu ya mlango wa duka hakuna wa kukipandia ngazi kila stima ikikatika.

Anwani ya `kituo` iwe ya mtiririko wenyewe, si ya ukurasa wa redio wenye kitufe cha kucheza. Ibandike kwenye kivinjari: ikianza kucheza ukurasa ukiwa mtupu, ndiyo yenyewe.

Usiweke `delay` ndefu ndani ya `loop`. Kila unapolala, hakuna anayejaza akiba ya sauti, na akiba ikikauka msikilizaji anasikia pengo.

Piga hesabu ya bando kabla ya kumwachia mwenye duka. Mtiririko wa 128 kbps hula MB 57.6 kwa saa. Duka linalofunguliwa saa 12 kwa siku linakula kama MB 691, na kwa siku 26 za kazi ni karibu GB 18. Kituo kikiwa na mtiririko wa 64 kbps, chukua huo. Kwa spika ya wati 3 na maneno ya mtangazaji, sikio halitagundua tofauti kubwa, lakini mfuko utagundua.

9. Ihamishe kutoka mezani kwenda ukutani. Kifaa kilichofanya kazi mezani bado hakijawa kifaa. Pwani yetu ina chumvi hewani mwaka mzima, kaskazi na kusi, na unyevu ambao hautoki hata kiangazi. Bredibodi haivumilii hayo: vibanio vyake huota kutu ndani usikoona. Hamishia kila kitu kwenye verobodi kwa risasi, na utumie nyaya zilizopakwa bati, zile zenye rangi ya fedha ukizichuna. Shaba tupu hugeuka kijani haraka.

Baada ya kulehemu, osha flaksi yote, ule utomvu unaobaki baada ya risasi kuyeyuka, kwa isopropili na brashi ya meno. Flaksi iliyobaki huvuta unyevu, unyevu ukakutana na chumvi, na baada ya miezi umeme unaanza kupita pasipo na waya. Acha ikauke kabisa, kisha paka vanishi ya bodi, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito. Kabla ya kupaka, ziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi matundu ya USB, vitufe na soketi zote. Vanishi ikiingia kwenye soketi, mguso umekwisha.

Antena ya moduli itokeze nje ya ukingo wa verobodi, na kusiwe na waya, skrubu wala sumaku ya spika ndani ya milimita 15 kuizunguka. Hii ndiyo sababu ya boksi la plastiki: mabati huifunika antena kama sufuria. Toboa matundu ya hewa upande wa chini, na waya wa umeme uushushe kwanza chini ya boksi ndipo uupandishe kuingia, maji ya masika yadondoke kabla ya kufika tunduni.

Joto nalo lina mpaka. Moduli za R8 zimeruhusiwa kufanya kazi mpaka hewa ya nyuzi 65, pungufu kuliko zile zisizo na PSRAM hiyo. Boksi lililofungwa likabandikwa chini ya mabati yanayopigwa na jua la Februari linaweza kuukaribia mpaka huo bila wewe kujua. Liweke ukutani chini ya kivuli, si darini.

Kisha pima Wi-Fi pale pale litakapokaa, si chumba cha pili. Soma namba ya RSSI inayoandikwa na programu. Ni hasi, kwa hiyo -60 ni bora kuliko -75. Ikishuka chini ya -70, tarajia sauti kukatika. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta mmoja tu wa namna hiyo unaweza kula mawimbi yaliyovuka vyumba vitatu vya nyumba ya kisasa kule Nyali. Dawa si kuongeza sauti wala kubadilisha programu. Sogeza ruta, au tumia moduli ya 1U na antena ya nje, au acha Wi-Fi na uvute kebo ya Ethaneti kwa bodi ya W5500, ambayo huunga na S3 kwa pini za SPI kwa volti 3.3 na ina nafasi yake kwenye maktaba ya ETH ya Arduino. Kwa kifaa cha kudumu kwenye nyumba ya mawe, kebo ndiyo jibu la kiume.

Ukitaka USB iwe kadi ya sauti

S3 inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama spika ya USB. Kasi yake inatosha: stereo ya 48 kHz ya biti 16 ni baiti 192 kwa kila milisekunde, na USB ya aina hii inaruhusu hadi 1023. Lakini kazi hiyo fanya kwa ESP-IDF, zana za programu za Espressif wenyewe, na kipengele cha usb_device_uac, si kwa Arduino. Jua pia kwamba kadi ya sauti na njia ya kupakia programu hugombania pini 19 na 20 zilezile, na moja tu hufanya kazi kwa wakati. Ndiyo maana bodi yenye tundu la UART pembeni ina thamani: kupakia na kusoma ujumbe kunaendelea huko.

Ikigoma

*"Failed to connect to ESP32-S3: No serial data received."* Rudia mpango wa BOOT na RESET wa hatua ya 4. Ikiendelea, badilisha kebo, kisha hakikisha umechagua tundu sahihi kwenye Tools, Port.

*"Brownout detector was triggered."* Volti imeanguka. Usiizime hiyo alamu kwenye programu kama wengine wanavyoshauri. Ni kuvunja taa ya onyo huku injini inachemka. Tafuta adapta bora, kebo fupi na nene, na hakikisha kapasita ya 470 µF ipo na iko karibu na amplifaya.

*Inaanza upya bila kukoma tangu uongeze kitufe au taa.* Umegusa 35, 36 au 37, au moja ya pini za kuamkia.

*Kimya, ingawa programu inasema inacheza.* Rudi kwenye Simple_tone. Mlio ukikosekana huko pia, mara nyingi BCLK na LRC zimebadilishana, au GND ya amplifaya haijaungwa na ya bodi. Pima SD kwa mita: ikiwa karibu na sifuri, amplifaya imelala.

*Tiki-tiki au mvumo unaofuata Wi-Fi.* Amplifaya na bodi zinagawana waya mmoja mwembamba wa umeme. Tenganisha kama ilivyo hatua ya 5.

*Haiioni Wi-Fi yako kabisa, simu inaiona.* S3 haijui 5 GHz. Fungua mipangilio ya ruta uwashe 2.4 GHz, na kama majina ya bendi mbili yanafanana, yatofautishe. Hotspoti ya simu nayo inaweza kuwa imekaa 5 GHz.

*Imeunganishwa, ina anwani, lakini haichezi.* Kama Wi-Fi ni ile ya mtaani ya vocha, yenye ukurasa wa kuandika namba, chipu haina mtu wa kuandika vocha hiyo. Omba mwenye mtandao akisajili kifaa kwa anwani yake ya MAC, unayoipata kwa `WiFi.macAddress()`. Kama Wi-Fi ni yako, jaribu anwani nyingine ya mtiririko, maana vituo hubadilisha anwani bila taarifa.

*Inakatika kila sekunde chache.* Angalia RSSI kwanza. Ikiwa nzuri, jaribu mtiririko wa 64 kbps. Sauti ikitulia, tatizo ni kasi ya intaneti na si kifaa.

*Ilifanya kazi miezi sita, sasa inakwaruza ukiigusa.* Ni kutu kwenye soketi ya spika au ya umeme. Kata soketi, lehemu waya moja kwa moja kwenye verobodi, osha kwa isopropili, na upake vanishi sehemu hiyo upya.